Nyota Zinazaliwa Saa Nane Mchana

14 Januari

Dada, mwanangu amepiga picha nyota zikiwa zinazaliwa! Narudia, usije ukadhani umesoma vibaya: zinazaliwa! Huyu huyu Kimya niliyemzaa mimi, ambaye ukimsalimu anakujibu kwa kope, amekaa kwenye meza yangu ya kupigia pasi, akaiamuru darubini iliyoko juu ya mlima ng'ambo ya dunia, nayo ikamtii.

Haya, sasa shikamoo. Habari za wodini? Sisi huku hatujambo. Shemeji yako mgongo umemwachia, ameanza tena kupanda ngazi na mabomba yake, na amerudia kulalamika kuhusu chumvi, kwa hiyo amepona kabisa. Udobi unakwenda. Ile hoteli ya kona imeniletea mashuka yake yote, na mvua nayo imeamua kunyesha wiki hiyo hiyo. Nyumba nzima imekuwa kamba. Kwenda jikoni lazima uiname.

Turudi kwenye neno. Unalijua lile kundi la nyota linaloitwa Jabari, lenye nyota tatu zilizojipanga kama vifungo vya shati? Chini ya vile vifungo kuna kitu kama ukungu. Kimya anasema ile ni nebula, wingu la gesi na vumbi. Hilo vumbi linajikusanya, linajibana, linapata joto, mwisho linawaka na kuwa nyota. Yaani ni wodi ya wazazi, dada. Kazi yako hiyo hiyo, ila mbinguni.

Aliandika maombi peke yake, hakuniambia. Akashindanishwa na walimu wa sayansi wa nchi nyingi, akapewa zamu tatu za kuitumia ile darubini. Kule ni usiku wakati huku ni mchana, basi mwanangu anapiga picha nyota saa nane mchana, jua kali, mimi nanyoosha kola za watu kando yake. Akibonyeza hapa, mlimani paa linafunguka na darubini inageuka. Nikamwuliza, "Nani anaisukuma?" Akasema, "Mimi, mama." Basi. Angekuwa mtoto wa mwingine angehutubia.

Nakuwekea nakala. Usishtuke kuona ni ya kijivu. Hata mimi nilitegemea rangi, nikaona maji ya kusuuzia. Kimya akanieleza kwamba darubini inapiga gesi moja moja, kila moja na zamu yake, na kila picha inatoka kijivu. Rangi zinakuja mwisho, picha zikiunganishwa. Nikaelewa upesi sana. Si ndivyo ninavyofanya na nguo? Nyeupe peke yake, nyekundu peke yake, mwisho zote zinakutana kwenye kapu la mteja.

Ikikamilika itatundikwa kwenye ukumbi wa maktaba, na shule yake itapewa saa za darubini mwaka mzima, wanafunzi waiendeshe wenyewe. Isipokamilika, hakuna kitu. Na Jabari hangoji mtu. Ikifika Mei anakwenda kujificha nyuma ya jua.

Nimeshamwambia fundi cherehani, na muuza magazeti, na wateja wote wa wiki hii, na mmoja ambaye alikuja tu kuuliza njia. Zamu ya pili ni tarehe kumi mwezi ujao. Tega sikio.

Mdogo wako,
mama yake Kimya
(najua utaniita Redio)

30 Januari

Redio,

Marahaba. Mimi mzima, miguu ndiyo inagoma ikifika saa ya kutoka kazini. Wiki iliyopita tumepata jozi mbili za pacha siku moja, mama mmoja akazimia, baba mmoja akazimia, mimi nikabaki nimesimama katikati nikijiuliza nianze na nani. Nilianza na mama. Baba alipoamka alilalamika.

Barua yako niliisomea chumba cha chai, na wauguzi wakaisoma juu ya bega langu, kwa hiyo hongera, matangazo yako sasa yanafika mpaka hospitali. Picha wameiona. Kijana mmoja wa maabara akasema ni mapafu ya mvuta sigara. Nikamwambia ashike adabu yake, hayo ni mapafu ya mwanangu.

Nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu la kazini. Siku ya kwanza niliona moshi. Siku hizi naona tumbo la miezi saba, mahali mtoto anaposukuma kwa kisigino. Mpe Kimya hongera zangu, mwambie mama mkubwa wake anaona wivu: nyota zinazaliwa na mkunga hakuitwa.

Lakini neno moja la kikazi. Umeniorodheshea uliowaambia. Sikusoma popote kwamba mwenyewe alikutuma. Mimi wodini mama akiwa na uchungu siruhusu ukoo uje kuangalia, hata wakiwa wamebeba maua. Si kwa ubaya. Mtu anayesukuma hawezi kuwa mwenyeji.

Najua utauliza kwa nini sipigi simu. Nikipiga naishia kwenye "haloo." Kwenye barua angalau nami napata nafasi.

Dada yako

18 Februari

Dada yangu mpenzi, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta salama na miguu yako imepumzika. Sisi wazima. Shemeji yako mzima. Paka wa jirani amezaa kwenye kapu langu la foronya, watoto wote wana madoa ila mmoja. Mvua imekatika. Nimenunua pasi mpya, nzito, inateleza vizuri. Bei ya sabuni ya unga imepanda tena. Yule bwana wa suti ya kahawia amekuja kuichukua, hatimaye, na sasa haimwenei. Nikamwambia suti haijapungua, wewe ndiye umevimba.

Kimya mzima. Anakula. Siku hizi anakaa shuleni mpaka jioni, kazi zimekuwa nyingi, unajua walimu.

Kuhusu darubini, kulikuwa na mawingu. Mambo ya mbinguni ndivyo yalivyo.

Hivi dada, wewe umesoma kuliko mimi. Ukimkosea mtu mzima uliyemzaa mwenyewe, unamwombaje radhi? Nauliza kwa niaba ya mteja wangu mmoja.

Mdogo wako

4 Machi

Redio,

Marahaba, na pole na paka.

Mjibu mteja wako hivi: anamwomba radhi kwa maneno machache. Najua yatamshinda, lakini ajaribu.

Sasa wewe. Nilimpigia shemeji kumjulia hali ya mgongo. Anasema tarehe kumi mbingu ya kule mlimani ilikuwa safi kama sahani iliyopanguswa. Anasema mawingu yalikuwa sebuleni kwenu. Nilipomwuliza mawingu gani, akasema, "Shemeji, mwulize mwenyewe, mimi naishi humu."

Basi nakuuliza. Na uniandikie yote. Shemeji anasimulia kama mtu anayelipia kila neno. Habari hii naitaka kutoka kwa Redio.

Dada yako

15 Machi

Shikamoo dada, na hakuna haja ya salamu ndefu, umeshanikamata.

Nilialika watu. Si wengi. Nilimwalika fundi cherehani. Yeye akaja na mumewe, mumewe akaja na kaka yake, kaka yake akaja na mkewe ambaye hata hakujua anakwenda kutazama nini. Muuza magazeti alifunga kibanda akaja. Wateja watatu wakasema watasubiri nguo zao papo hapo. Viti vikaisha, wakakalia mabunda ya mashuka ya hoteli.

Kimya akatoka chumbani na kompyuta yake. Akasimama mlangoni.

"Mama, hawa nani?"

"Watu wako, mwanangu."

"Mimi nina watu?"

Angeweza kurudi chumbani akafunga mlango, dada. Hakufanya hivyo. Alivuta kiti, akaifungua kompyuta, akaanza kazi, na mimi nikasimama nyuma yake nikiwaeleza kama vile nimeijenga ile darubini kwa mkono wangu. Muuza magazeti akauliza, "Hiyo inayosogea ndiyo nyota?" Nikamwambia, "Hiyo ni alama ya kipanya, bwana, tulia."

Hapo ndipo fundi cherehani aliponigeukia. "Mama Kimya, pasiwedi ya waifai hapa kwako ni ipi? Nimwonyeshe mdogo wangu kule aliko." Sasa wewe niambie. Mgeni akikuomba maji unampa. Akikuomba pasiwedi utamnyima? Nikaitaja kwa sauti. Nikairudia, wa nyuma wasikie. Wakainua simu wote kwa pamoja, kila mmoja anamrushia ndugu yake picha, moja kwa moja, na mke wa yule kaka akawa anarusha na maelezo.

"Mama, imekwama," Kimya akasema.

"Ipulizeni," akasema kaka wa mume wa fundi.

Dada, ile darubini ina tabia yake. Isiposikia sauti ya bwana wake inadhani ameondoka. Inajifunika paa, inalala, na saa zake zikipita anaingia mtu mwingine. Ndivyo ilivyofanya. Intaneti yetu ilibanwa kama mlango wa ukumbi wa arusi, amri za Kimya hazikupita, ikalala. Picha ya gesi ya pili haikufika hata robo.

Kimya aliifunga kompyuta polepole. Akawaaga wageni mmoja mmoja, akawashukuru kwa kuja. Walipotoka akaniambia, "Mama, ile iliyobaki sitakwambia siku yake." Hakupaza sauti. Angepaza ningejitetea.

Aliomba apewe zamu nyingine, wakamjibu orodha imejaa. Imebaki moja tu. Anasema gesi mbili zinaweza kutosha picha, ya tatu ataisamehe, lakini chini ya mbili hakuna picha, hakuna ukumbi, na wale wanafunzi wake hawapati darubini yao. Kila kitu kimekalia zamu moja, na Jabari anazidi kuteremka.

Nimejaribu maneno machache kama ulivyosema. Nilimwambia, "Nisamehe." Akasema, "Sawa, mama." Ile sawa unayoijua, ya kumfungia mtu mlango bila kuubamiza.

Basi nimefunga mdomo. Wateja wakiniuliza nyota zimefikia wapi, nawajibu, "Shati lako litakuwa tayari Alhamisi." Wanadhani naumwa. Fundi cherehani ameniletea dawa ya kifua.

Mdogo wako

10 Aprili

Dada, shikamoo.

Mbona hujibu? Umeniambia niandike yote, nimeandika yote, umenyamaza. Au nawe umenikasirikia? Mnipangie foleni.

Shule zimefungwa. Kimya ameaga, anasema anakwenda kwenye semina. Sikumwuliza wapi. Nilimwuliza kidogo. Akasema, "Mbali." Nikampigia pasi nguo zote, mpaka soksi, nikampeleka mpaka kituoni bila kusema neno la nyota hata moja, na njiani tulimkuta muuza magazeti akapiga kelele, "Mwalimu, nyota vipi!" nami nikamkanyaga mguu.

Nikipiga simu anajibu, "Salama." Nyumba ni kubwa, dada. Sikujua mtoto asiyeongea anaweza kuacha pengo kubwa hivi.

Andika hata mstari mmoja.

Mdogo wako

24 Aprili

Redio wangu,

Marahaba. Barua hii anakuletea Kimya mwenyewe, na nimeifunga kwa gundi kwa sababu hajui nimeandika nini.

Hakukuwa na semina. Alikuwa kwangu. Sikukujibu kwa sababu aliniomba nisiseme, na kukudanganya kwa maandishi siwezi, nimezoea kukudanganya kwa mdomo tu. Nilipoisoma barua yako ya tarehe kumi alikuwa amekaa mbele yangu anamenya vitunguu. Nikamsomea mahali ulipoandika kuhusu nyumba. Alifuta macho. Akasema ni vitunguu.

Siku ya darubini nilijiombea mapumziko kazini. Niliwaambia majirani nimetoka zamu ya usiku nataka kulala, nikazima simu, nikaweka taulo chini ya mlango. Aliniuliza jambo moja tu: "Nani mwingine anajua pasiwedi yako?" Nikamwambia hata mimi siijui, imeandikwa chini ya kile kisanduku cha intaneti na miwani yangu imevunjika.

Ilikuwa mchana kwangu, jioni kule. Jabari alikuwa chini sana, amebakiza kidogo azame nyuma ya mlima. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango na mikono yangu juu ya magoti, na nakwambia, nimezalisha wanawake kwa tochi, nimezalisha kwenye korido, sijapata kuogopa vile. Mwanao aliposhika ile kazi sikumjua. Mgongo umenyooka. Anazungumza na mashine: "Polepole. Hapo. Kaa hapo." Nikaona ni maneno yangu. Mimi huwaambia wazazi hivyo hivyo.

"Umepata?" nikamwuliza.

"Nimepata, mama mkubwa."

Nikataka aunganishe palepale nione rangi. Akakataa. Akasema, "Hii ya kuunganisha ni ya nyumbani."

"Nyumbani kuna Redio."

"Ndiyo maana."

Nimepokea watoto wa watu maisha yangu yote, na hii ni mara ya kwanza kazi imeisha mtoto nikafichwa. Nilinuna mpaka jioni.

Sasa sikiliza maagizo ya mkunga. Usimwulize. Usimkalie kichwani. Usimwambie nimekwambia. Shika pasi yako, ngoja aite.

Dada yako

4 Mei

Dada, shikamoo, na safari hii nakuamkia kwanza ili ujue nimebadilika.

Habari za kazi? Miwani umetengeneza? Shemeji yako anakusalimu, anasema siku hizi nyumba imepoa mpaka anasikia bomba likivuja kwa jirani. Mimi nimekununia kwa siku mbili. Mwanangu amemenya vitunguu kwako! Kwangu hajawahi kushika kisu bila kusukumwa. Nimekununia, kisha nikasoma tena pale aliposema "ndiyo maana," nikaacha.

Alifika jioni, akanipa barua, akalala. Asubuhi nikawa kwenye pasi. Akapita kwenda jikoni. Akarudi. Akapita tena. Mimi na kola yangu. Akasimama.

"Mama, huulizi?"

"Niulize nini? Nina mashati hapa."

"Mama."

"Mwenzako nina kazi."

"Zima pasi uje."

Nikazima. Akaweka kompyuta juu ya meza ile ile, kati ya mashati, akaleta picha ya kwanza, kijivu. Akaleta ya pili, kijivu. Nikajifunga mdomo. Ile ya kwanza akaipa wekundu, ile ya pili akaipa bluu ya maji yenye ukijani kidogo. Akabonyeza zikalaliana.

Dada, sina maneno, na unajua mimi kukosa maneno ni habari ya kuweka gazetini. Lilifunguka wingu zima. Pembeni jekundu kama kaa linalopulizwa, linakunjika na kujikunjua kama shuka ukilikung'uta juani. Katikati mwanga wa bluu, na ndani ya mwanga nyota nne ndogo zimesongamana, nyeupe kabisa, mpya. Kimya akaniambia zile nne ndizo zinazoliwasha wingu lote. Vichanga, na nyumba nzima inaona kwa ajili yao.

Nikanyamaza. Nikaendelea kunyamaza. Mpaka Kimya akageuka kunitazama kama niko salama.

"Mama, sema kitu."

Nimemlea miaka yote hii, dada, na hajawahi kuniambia hivyo. Watu wote huniambia kinyume chake. Nikasema, "Hawa wanne wameamka na njaa." Akacheka. Alicheka mpaka akakalia mashati ya hoteli, na sikumwambia ayaondokee.

Nilipopata pumzi nikamwomba radhi tena, kwa maneno yangu mwenyewe, marefu. Hayakuwa machache hata kidogo. Nikamwambia nilidhani kumpenda ni kumtangaza. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama, siku ile hukukosea kwa kunisifu. Ulikosea saa." Na mlango ule aliokuwa amenifungia nikausikia unafunguka.

Alituma picha siku hiyo hiyo. Jana wenye darubini wamejibu. Wameikubali kwa gesi mbili! Shule yake imepata darubini mwaka mzima, wanafunzi wamembeba mwalimu wao mabegani, yeye amefumba macho kwa aibu. Na itatundikwa ukutani kwenye ukumbi wa maktaba, ukubwa wa shuka la kitanda cha watu wawili. Nimeuliza vipimo.

Sikumwambia mtu. Niliapa, nikatimiza, ingawa fundi cherehani alikuwa mbele yangu anaulizia gauni na meno yangu yalikuwa yanauma. Jioni nikamwuliza Kimya, "Nani anaruhusiwa kujua?"

Akasema, "Wote. Na kuna jambo nataka kukuomba." Akazungusha kikombe chake mezani, unajua anavyofanya. "Watu watakuja pale mbele ya picha, watauliza. Mimi nikiona watu wengi sauti inapotea. Wewe simama kando ya picha uwaeleze. Ile ya kutenga nguo waeleze, na ile ya vichanga. Mimi nitakaa karibu. Ukikosea nitakugusa kiwiko."

Dada! Mimi, niliyeishia darasa la saba, nitasimama kwenye maktaba niwaeleze watu jinsi nyota zinavyozaliwa! Nimeomba kwa siku hiyo nivae kitambaa cha bluu na nyekundu, amekubali. Fundi cherehani anakishona sasa hivi, naye ameshawaambia mtaa wa nyuma. Muuza magazeti ameandika tangazo kwenye ubao wa kibanda chake. Wale wateja watatu wanakuja na familia zao. Na nimemwambia Kimya kwamba maelezo ya uchungu na kuzaliwa siwezi kuyatoa peke yangu mtaalamu akiwa amekaa kwake, kwa hiyo nafasi ya upande wa kushoto wa picha ni yako. Amesema angeniomba hivyo hivyo.

Omba ruhusa mapema. Waje na wale wauguzi wanaosoma juu ya bega, na yule kijana wa mapafu pia, nina neno naye. Kitanda chako nimeshatandika, na pasi nimepiga mpaka kwenye foronya. Jumamosi, tarehe kumi na nane Mei, saa nne asubuhi, ukumbi wa maktaba, mje wote.